Kura ya Nukta

Walimwita Kengele, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akisema "Mwalimu, naomba kwenda kunywa maji" katika darasa la kwanza, watoto wa darasa la tatu upande wa pili wa ukuta waliinua vichwa. Mama yake alijaribu kumfundisha kunong'ona, akachoka. Mtoto alinong'ona kwa bidii hadi jirani akaitikia kutoka dirishani.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana aliitwa Nukta. Huyo alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, mwenye macho makubwa ya kuchungulia mambo. Wawili hao walikaa dawati moja, na shughuli zao ziliendeshwa hivi: Kengele anasema, Nukta anatikisa kichwa. "Mwalimu, Nukta hana penseli." Kichwa kinatikisika. "Mwalimu, Nukta anataka kukaa karibu na dirisha." Kichwa kinatikisika tena, na mambo yamekwisha. Hakuna aliyekumbuka lini Nukta alisema jambo lake kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha Nukta akateleza kwenye ngazi za kwao zilizolowa maji ya kufulia, akavunjika mguu. Akafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi gotini, akaambiwa akae nyumbani mpaka mfupa uunge. Dawati likabaki na mtu mmoja, na huyo mmoja hakujua akiweke wapi kiwiko chake cha kulia, maana siku zote kilikuwa kikigombania nafasi na cha mwenzake.

Ndipo likaja jambo la mbao.

Seremala aliyetengeneza madawati mapya ya shule alibakiwa na mbao nzuri, akajitolea kuwatengenezea watoto wa darasa la kwanza kitu cha kuchezea uani. Kitu kimoja tu, kwa kuwa mbao hazikutosha viwili. Mwalimu wa darasa, kijana mrefu aliyelazimika kuinama kila alipopita mlangoni, aliwatangazia habari hiyo asubuhi moja, na kabla kelele hazijatulia akageuka ubaoni, akaandika neno kubwa: RAIA.

"Nani anajua raia ni nani?"

Mikono ikainuka, hata ya wasiojua. Mmoja akasema raia ni polisi. Mwingine akasema ni mtu anayeonekana kwenye televisheni.

"Raia ni mtu mwenye kwao," alisema mwalimu. "Mahali ni pake, naye ni wa pale. Pakiharibika, pameharibika kwake. Pakipendeza, pamependeza kwake. Sasa, kwa kuwa ni pake, haifai watu waamue mambo ya pale bila kumuuliza. Na njia mojawapo ya kuwauliza watu wengi kwa pamoja ni kura."

Mtoto wa dawati la mbele akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Mwalimu, hata mimi ni raia?"

"Hata wewe."

"Na hivi nina kamasi?"

"Kamasi hazimzuii mtu. Lakini toka nje ukapenge kwanza."

Darasa likaangua kicheko, na Kengele akacheka kuwashinda wote. Lakini moyoni lile neno lilikuwa limemwingia. Uani kule ni kwake! Alikuwa akikimbia pale kila siku bila kujua.

Mapendekezo yakaanza kumiminika. Wengine walitaka ndege, wengine bwawa la kuogelea, mmoja akataka duka la pipi lisilo na muuzaji. Mwalimu akawa anauliza kwa upole, "Mbao zitatosha?" na ndoto moja moja ikafutwa ubaoni. Mwisho yakabaki mawili: bembea, au banda la sungura, kwa sababu jirani wa mwalimu alikuwa tayari kutoa sungura wawili.

"Tutapiga kura Ijumaa," alisema mwalimu. "Kabla ya hapo, kila mwenye maneno ayaseme. Washawishini wenzenu. Kushawishi si kutisha, na si kuhonga. Nikimwona mtu na pipi za kugawa, pipi hizo nitazila mimi."

Basi wiki hiyo shule haikulala. Upande wa bembea uliongozwa na mvulana waliyemwita Bosi, kwa kuwa alitembea mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi. Upande wa sungura ulikuwa na Kengele, na Kengele hakuhitaji kipaza sauti. Alisimama juu ya jiwe karibu na bomba la maji, akamwaga sera. Sungura ana manyoya. Sungura anazaa. Bembea umewahi kuiona ikizaa? Leo una sungura wawili, kesho unao kumi, na kila mtu ana wa kwake wa kumpa jina!

Bosi alipoona watu wanahamia kwenye jiwe, akapanda kwenye ukingo wa karo la kunawia mikono. "Bembea ikishinda," alitangaza, "hakuna tena kazi za kufanyia nyumbani!"

Uwanja ukalipuka. Watoto wakaruka, wakakumbatiana. Hata baadhi ya watu wa sungura wakaanza kusogea taratibu kuelekea kwenye karo, wakijifanya wanakwenda kunawa. Kengele aliwaona kwa macho yake, akahisi kama anapokonywa viatu miguuni.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Waliporudi darasani hakumkaripia mtu. Aliuliza tu: "Kazi za nyumbani anazitoa nani?"

"Wewe!"

"Bosi anaweza kuzifuta?"

Vichwa vikamgeukia Bosi, naye akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mtu akikuahidi jambo," alisema mwalimu, "furahi ukitaka, lakini muulize kwanza: utalifanyaje? Hata akiwa ni mtu unayempenda. Hata ningekuwa mimi."

Jioni hiyo Kengele alipita kwa kina Nukta, kama kila siku. Alimkuta kwenye mkeka sebuleni, mguu mweupe umelazwa juu ya mto, akisuka nywele za mwanasesere. Kengele akamsimulia yote: jiwe, karo, ahadi ya Bosi, jinsi mwalimu alivyoiumbua. "Tutashinda," alisema. "Tukishinda, sungura mmoja tutamwita jina lako."

Nukta akafumbua mdomo. Kengele hakuwa amemaliza, akaendelea. Nukta akaufumba.

Ijumaa ikafika. Mwalimu alikuwa ametundika shuka kati ya kabati na dirisha, na nyuma yake ameweka meza ndogo na penseli. Mezani kwake palikuwa na boksi la viatu lililofungwa kwa selotepu, lenye tundu juu, na kidau cha wino wa mhuri. Kila karatasi ya kura ilikuwa na michoro miwili: bembea kushoto, sungura kulia. Sungura alifanana kidogo na punda, lakini kila mtu alimwelewa.

"Utaingia peke yako," alieleza mwalimu. "Utaweka alama ya vema chini ya unachokitaka wewe. Si anachokitaka jirani yako, wala mwalimu wako. Kisha utakunja, utatumbukiza, na utachovya kidole kwenye wino ili tujue umeshapiga. Kura yako ni siri yako."

"Hata mama nisimwambie?"

"Ukitaka kumwambia, ni hiari yako. Hakuna wa kukulazimisha."

Foleni ikapangwa, na ilikuwa foleni ya ajabu: watoto ambao kwa kawaida husukumana hadi mlango ulalamike, walisimama wima, mikono imebana mapajani. Kengele, aliyekuwa wa mwisho, alipofika nyuma ya shuka, kelele zote zikawa mbali. Ni yeye na karatasi tu. Hakuna aliyemtazama, na bado alijiona mkubwa kuliko siku zote za maisha yake. Akaweka vema chini ya sungura kwa nguvu, penseli ikatoboa karatasi.

Alipotoka, akatumbukiza, akachovya kidole. Mwalimu wakati huo alikuwa amepiga magoti, anamfuta mdomo mtoto mmoja aliyekuwa amelamba wino. Na pale mezani, Kengele akaiona karatasi moja imebaki, imelala peke yake.

Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Mwalimu alikata karatasi za darasa zima, na asiyekuwepo alikuwa mmoja. Kengele aliionea huruma. Nukta si wa darasa hili? Uani si kwake pia? Na nani asiyejua Nukta anataka nini? Mtu mwenye mguu wa plasta bembea ya nini? Bila kusita akaichukua, akarudi nyuma ya shuka, akaweka vema chini ya sungura, safari hii taratibu, kama ambavyo Nukta angefanya. Akaikunja, akaitumbukiza, akarudi kwenye dawati akiwa na furaha ya mtu aliyembebea mwenzake mzigo.

"Sasa tunahesabu," alisema mwalimu, na darasa zima likasogea mbele kama wimbi. "Kengele, njoo hapa. Wewe ndiye utakayetangaza matokeo. Sauti ipo, tusiiache ikalala bure."

Kengele alikwenda mbele karibu kuruka. Mwalimu akakata selotepu, akamimina karatasi mezani. "Kabla ya kufungua hata moja, tunahesabu ngapi zimeingia. Waliopiga ni thelathini na nne. Hesabuni na mimi."

Wakahesabu kwa pamoja, sauti zikipanda kila namba. Thelathini na mbili! Thelathini na tatu! Thelathini na nne!

Karatasi moja ilibaki mezani.

"Thelathini na tano," alisema mwalimu, lakini safari hii alikuwa peke yake.

Wakarudia. Ikawa ile ile. Wakanyoosha vidole vyenye wino, wakahesabu vidole: thelathini na nne. Mwalimu akakaa kitini polepole. "Kuna mtu ameweka karatasi mbili," alisema.

Kengele akaangalia kidole chake chenye wino. Mpaka dakika ile hakuwa amewaza kuwa alichofanya kina jina baya.

"Ni Bosi!" mtu akapaza sauti nyuma. "Si ndiye alidanganya kuhusu kazi za nyumbani!" "Bosi mwizi!" Mara likawa darasa zima. Bosi akasimama, akageuka huku na huku, akitafuta hata uso mmoja wa kumwamini. "Si mimi," alisema. "Wallahi si mimi." Kisha mikono yake, ile ya mkaguzi, ikaja mbele ikafunika uso, na akaanza kulia kwa kwikwi.

Kengele alikuwa mpinzani wake wiki nzima. Alikuwa amemwombea apoteze sauti, apoteze wafuasi, hata ateleze kwenye karo. Lakini hakuwahi kumwombea hivi.

"Ni mimi."

Lilikuwa neno la kwanza maishani mwake kusema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyelisikia. Ikabidi alirudie, na sasa lilisikika hadi darasa la tatu. "NI MIMI! Ile ya pili ni ya Nukta. Nilimpigia Nukta!"

Kelele ikakatika. Mwalimu akamgeukia. "Nukta alikutuma?"

"Hapana. Lakini namjua."

"Alikwambia anataka nini?"

Kengele akafikiri. Akarudi nyuma siku zote za wiki, kwenye mkeka, kwenye mto, kwenye mwanasesere. Aliikumbuka sauti yake mwenyewe tu. "Hapana," alisema.

Funguo zikasikika nje, kisha akaingia mwalimu mkuu, mama mnene wa mwendo wa haraka. "Kelele gani hizi? Shule nzima imesimama." Akaelezwa. Akapunga mkono. "Jambo dogo hilo. Toeni karatasi moja, endeleeni."

"Tutoe ipi, Mama?" aliuliza mwalimu. "Zote zimekunjwa sawasawa. Tukikosea, tutakuwa tumemnyang'anya mtu yake."

Mwalimu mkuu akaokota karatasi mbili, akazilinganisha.

"Turudie!" alisema yule mtoto wa kamasi kutoka dawati la mbele.

"Turudie, na Nukta naye apige!" Hii ilikuwa sauti ya Bosi, macho bado mekundu. "Ni wa darasa letu."

"Nukta hawezi kutembea," mtu akasema.

"Basi boksi litembee!"

Mwalimu akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaangalia saa ya ukutani, akaangalia watoto thelathini na nne waliokuwa wameacha hata kupumua. "Kwao ni wapi?"

"Nyuma hapo tu, Mama, baada ya duka la mshona nguo!" Kengele alisema.

"Barabara nitawavusha mimi mwenyewe. Na mtu akitoka kwenye mstari, atanijua."

Mwalimu akachana zile karatasi zote mbele yao, akakata nyingine. Wakapiga upya, kila mmoja akichovya kidole cha pili. Boksi likafungwa selotepu bila kufunguliwa, na Bosi akapewa alibebe; wino na penseli akachukua mwalimu. Kengele alipewa karatasi moja ya kura, bado haijawekwa alama. "Hii umpelekee mwenyewe," alisema mwalimu, na Kengele akaishika kwa mikono miwili kama inaweza kumwagika.

Wakatoka. Mwalimu mbele, mwalimu mkuu katikati ya barabara ameinua mkono, pikipiki zimesimama, madereva wametoa macho. Mshona nguo aliacha cherehani ikijizungusha, akatoka kibarazani. "Kuna nini?"

"Kura!" walimjibu kwa pamoja, vidole vya bluu juu.

Bibi yake Nukta alisikia vishindo, akafungua mlango kabla hawajapiga hodi. "Karibuni, wajukuu zangu. Karibuni wote! Mmemleta na mwalimu mkuu?" Akakimbia kutafuta viti, akaishia kutandika mikeka mpaka uani.

Nukta alipowaona akakaa wima, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Kengele akapiga magoti mbele yake. Alikuwa na mengi ya kusema. Sungura, manyoya, majina, ahadi. Maneno yalikuwa yamepanga foleni kooni. Akayameza yote, akampa karatasi.

"Hii ni yako," alisema. "Weka vema chini ya unachokitaka."

Kisha akainuka, akageuka, akawapa mgongo. Darasa zima likageuka pamoja naye, hata bibi, hata mwalimu mkuu. Walisimama wakiangalia ukuta uliokuwa na kalenda na saa, na hakuna aliyepiga chafya. Ilisikika penseli ikikwaruza. Kisha sauti ndogo: "Tayari."

Akatumbukiza mwenyewe. Akachovya kidole. Wakampigia makofi hadi kuku wa jirani wakakimbia.

Boksi likafunguliwa uani, Nukta naye akabebwa akakalishwa kwenye mkeka wa huko. Karatasi thelathini na tano, si zaidi wala pungufu. Kengele akasimama juu ya ngazi ile ile iliyomwangusha mwenzake, na mwalimu akawa anafungua moja moja na kumwonyesha.

"Sungura! Bembea! Bembea! Sungura!"

Mwalimu mkuu alichora vijiti mchangani katika safu mbili kwa ncha ya ufunguo. Zikafuatana kama mbio za watu wawili: hii inatangulia, ile inaikamata. Bosi alikuwa amejishika masikio. Zikafika kumi na saba kwa kumi na saba, na karatasi moja, iliyokunjwa mara tatu, mkononi mwa mwalimu. Akaikunjua, akamwonyesha Kengele.

Kengele aliiona alama ya vema. Ilikuwa ndogo, imewekwa kwa uangalifu, upande wa kushoto.

Hakuna aliyemharakisha. Alivuta pumzi, kisha akaitoa sauti yote aliyopewa na Mungu: "BEMBEA! BEMBEA IMESHINDA!"

Ua ukawaka. Bosi alirukaruka, akateleza, akaamka, akaruka tena. Watu wa sungura walikaa chini, wengine wakivuta kamasi. Kengele alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa rafiki yake, akakaa. Wakatazamana.

"Ile ya kukunjwa mara tatu ilikuwa yangu," alisema Nukta. Hakuna aliyemuuliza. "Nimechagua bembea."

"Lakini mguu wako!"

"Mguu utapona, Kengele." Nukta akashusha pumzi. "Na mimi naogopa sungura. Wanavyochezesha pua vile, wananitisha. Tangu zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenyamaza nikwambie?"

Kengele akajiziba mdomo kwa kiganja. Kitu kikampanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Wakacheka wote wawili mpaka Nukta akashika plasta akilalamika kwamba inamwasha ndani.

Bosi akaja na kifua mbele. "Waliochagua sungura hawapandi!"

"Nani kasema?" Ilikuwa sauti ndogo, lakini kali. Nukta alikuwa amemnyooshea penseli. "Bembea ni ya darasa. Wote walipiga. Wote wanapanda."

Bosi akamwangalia kana kwamba dawati limesema. Kisha akapeleka mikono nyuma, akasema kwamba na yeye alikuwa na maana hiyo hiyo.

Seremala alimaliza kazi wiki iliyofuata. Aliijaribu bembea kwa kuikalia yeye kwanza, huku watoto wakimpigia kelele ashuke. Kengele alipanga foleni kama wengine, akisema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba yeye hana haja nayo sana. Zamu yake ilipofika akashika kamba, wakamsukuma. Akapanda juu mpaka akaona paa la mshona nguo, na kamba za kuanikia nguo za kina Nukta, akiwa juu angani kuliko alivyowahi kufika. Akapiga ukelele, na madirisha ya darasa la tatu yakafunguka yote.

Alipotua, nywele zimesimama, Bosi akamuuliza: "Vipi?"

"Si mbaya," alisema Kengele, na tayari alikuwa anakimbia kurudi mwisho wa foleni.